Chuma cha karibu na cha mbali, kipi kina kaboni kidogo?

Kuna hoja inarudiwa sana kwamba bidhaa ya viwanda vya kanda yenu lazima iwe na kaboni kidogo kuliko ya kutoka mbali, kisa haijakaa baharini wiki tatu. Ukiisikia inaingia akilini kabisa, shida inaanza ukishika kikokotoo.

Meli kubwa ya mizigo inatoa kama gramu 10 hivi za kaboni dioksidi kwa kila tani kwa kila kilomita, kwa hiyo tani ya chuma ikisafiri kilomita 15,000 ni kilo 150 tu. Kuitengeneza hiyo tani kwenye tanuru la makaa ya mawe kuanzia madini ni zaidi ya kilo 2,000, wakati tanuru la umeme linaloyeyusha chuma chakavu linaweza kutoa chini hata ya nusu ya hapo. Sasa safari ya meli ina uzito gani hapo? Lori ndo la kuogopa, maana kwa kila kilomita linaipita meli mara kadhaa.

Aluminiamu ndo balaa zaidi. Tani moja inakula uniti kama 14,000 za umeme, na umeme wa makaa ya mawe unatoa karibu kilo moja kwa uniti, yaani tani 14 za kaboni kwenye umeme peke yake, halafu mwenzako wa Norway au Iceland anatumia maji yanayoporomoka mlimani. Hapo kuwa jirani hakukusaidii kitu. Saruji kidogo inawapa nguvu watetezi wa viwanda vya karibu, kwa sababu kaboni yake nyingi inatoka kwenye chokaa yenyewe ikichomwa, popote utakapoichomea, so tofauti kati ya viwanda si kubwa hivyo na usafiri unaanza kuonekana.

Lakini sasa, hata hao wanaojisifu kuwa wasafi nina neno nao. Marekani karibu asilimia 70 ya chuma inatoka matanuru ya umeme, China karibu asilimia 90 inatoka ya makaa, na watu wanaishia hapo wanapiga makofi. Namba ni za kweli ila Marekani ilijenga zamani kwa hiyo ina magari na majengo ya kubomoa, China imejenga juzi tu na chuma chake bado kimesimama kwenye madaraja na maghorofa, huwezi kukiyeyusha. Chuma chakavu cha dunia hakitoshi wote, na ukikikusanya wewe mwingine anarudi kwenye madini. Kwangu mimi ulinganisho wa haki ni chuma cha madini kwa chuma cha madini, basi.

Umoja wa Ulaya umejaribu kulimaliza suala hili kwa ushuru wa kaboni mpakani, yaani bidhaa ikiingia Ulaya inalipiwa kaboni iliyotoka wakati wa kuitengeneza; waagizaji walianza kuripoti Oktoba 2023 na tangu Januari 2026 hesabu ni ya pesa. Naupenda kwa kuwa unauliza kiwanda husika kimetoa kiasi gani, sio nchi nzima. Ila kiwanda kisicho na vipimo vyake kinabandikwa kiwango cha kukadiria ambacho kinauma, na mwenye matanuru mawili hakuna kinachomzuia kupeleka Ulaya mzigo wa lile safi, ule wa makaa akauuza kwingine.