Aliyetufunga binyege

Nimesoma habari yenu ya mazishi ya mwalimu wetu wa ngoma hapa Masindi, magharibi mwa Uganda, machozi yakanitoka upya. Poleni sana wafiwa. Ila ndugu mwandishi, umesema "alifundisha watoto kucheza" halafu ukapita. Naomba niongeze.

Runyege, ngoma aliyotufundisha, haichezwi kwa mwili tu, huchezwa kwa mlio. Binyege, zile njuga za maganda makavu yenye mbegu ndani ambazo wanaume hufunga miguuni, ndizo zinazoipa ngoma jina, na mguu ukichelewa kila mtu anasikia. Mwalimu alitufunga mwenyewe, amepiga magoti vumbini, ametanguliza kitambaa chini ya kamba ngozi isichubuke. Kisha anafumba macho, anasikiliza. "Wa tatu kutoka mwisho, mguu wa kushoto." Sikumbuki akikosea.

Wazazi wengine walilalamika kwamba anatupotezea muda wa masomo. Aliwaeleza kwa upole kuwa hii ni ngoma ya uchumba ya Wanyoro na Watooro, kwamba zamani vijana wakimgombea binti mmoja walishindana kwa kucheza. Baba yangu ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Mwaka uliofuata yeye ndiye aliyetubebea ngoma kwa baiskeli!

Siku ya mazishi nilivaa binyege zangu za utotoni, kamba nimeiongeza. Nyuma ya jeneza zililia kila hatua, wala sikuzizuia. Lala salama, Mwalimu wangu.