Tuache kuwaambia mama zetu wapumzike

Mama yangu alipostaafu ualimu Novemba 2022, tulimnunulia kiti cha uvivu. Tulichangishana watoto wote wanne, tukakisafirisha kwa kosta kutoka Mwanjelwa hadi Tukuyu kikiwa kimefungwa kwenye keria, na siku ya kumuaga pale shuleni kaka akashika maiki akasema, "Mama, umetulea sisi, umelea na watoto wa wenzako miaka 39. Sasa kaa, pumzika." Vigelegele vikapigwa. Walimu wenzake wakamvika vitenge, wakamwekea mablanketi magotini, maana baridi ya Tukuyu tunaijua wenyewe. Mama akasema kwa sauti ya chini, "Ndaga fijo," yaani asanteni sana, "wanangu," akakaa kwenye kiti, akapigwa picha.

Haikupita miezi miwili, dada wangu wa kazi akaondoka. Nikampelekea mama watoto wangu wawili. Mdogo wangu alipopata uhamisho, naye akampelekea wa kwake. Hatukuona haja ya kumuuliza. Tulisema, na nakumbuka maneno yenyewe, "Si mama yupo tu nyumbani?"

Yupo tu. Nimekaa na maneno hayo muda mrefu, na ndiyo yaliyonifanya niandike leo. Mtu amefanya kazi toka 1983, amefundisha nusu ya kata kusoma na kuandika, halafu siku anayopata muda wake mwenyewe, sisi aliotuzaa tunauona muda huo kama shamba lisilo na mwenyewe. Kila mmoja anakata kipande chake. Na kipande hicho tunakiita "pumzika".

Jumamosi moja nilifika nyumbani bila kutoa taarifa. Sikumkuta sebuleni. Watoto wakanionyesha nyuma ya migomba. Nikamkuta ameinama chini ya kichanja cha nyasi, mbele yake mistari ya viriba imepangwa kama darasa, miwani imeshuka puani, mkononi ana wembe. Alikuwa anabebesha miche ya parachichi.

Naomba niieleze kazi hiyo nilivyoiona, maana mpaka siku hiyo nilidhani parachichi ni mti unaojiotea wenyewe nyuma ya choo. Kokwa la parachichi la kienyeji linapandwa kwenye kiriba na kuachwa likue mpaka shina lifikie unene wa penseli. Kisha unakwenda kwenye mti mama wa Hass, aina ya parachichi ya kisasa, unachagua kikonyo chenye macho yaliyovimba lakini hayajafunguka, unaondoa majani. Ule mche wa kienyeji unaukata kichwa, unaupasua katikati kidogo. Kikonyo unakichonga pande mbili kama kabari, unakichomeka ndani ya ule mpasuko, ganda likutane na ganda, kisha unafunga kwa ukanda wa nailoni kutoka chini kwenda juu, unavuta mpaka ukaze. Juu yake unavisha kimfuko cha plastiki kinachoonyesha, zile plastiki za barafu za watoto. Baada ya hapo unaacha mche kivulini na kusubiri wiki kadhaa uone kama jicho litafunguka.

Nilitazama vidole vya mama vinavyochonga ile kabari, nikavikumbuka. Darasa la kwanza walikuwa wanapanga foleni mezani kwake kila asubuhi, kila mmoja na penseli yake butu, naye anachonga kwa wembe, moja baada ya nyingine, bila kumkata mtu wala kuvunja ncha. Miaka 39 ya penseli. Mkono ule ulikuwa umeshajifunza zamani, ulikuwa unasubiri mti tu.

Aliyemfundisha ni kijana wa jirani, mwanafunzi wake wa zamani, aliyepata mafunzo ya kilimo. Kijana anamwita "Mwalimu", na mama naye anamwita "mwalimu wangu", kwa heshima yote. Awamu ya kwanza alibebesha miche 200, zaidi ya nusu ikafa. Alifunga kwa kulegeza, na maji ya mvua yakaingia kwenye kidonda. Hakutuambia. Alijua tungesema nini: "Si tulikwambia upumzike?" Akanyamaza, akaanza tena. Awamu ya tatu iliponea karibu yote, na leo anauza mche mmoja shilingi 3,000, na wanunuzi wengine wanatoka Busokelo.

Nimesikia watu wakimuuliza, "Mwalimu, kwa umri huo unapanda mti? Utavuna lini?" Mche uliobebeshwa unaanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi. Mama alikuwa na miaka 60. Sioni hesabu ngumu hapo. Lakini nadhani swali lenyewe halihusu miaka. Kwetu mti una maana yake. Anayepanda mahindi anaomba msimu mmoja. Anayepanda mti anasema ardhi hii ni yangu. Na mjane anayepanda mti anawatia watu wasiwasi.

Baba alifariki 2015. Mashimo ya parachichi yalipoanza kuchimbwa, baba mdogo alikuja na wazee wawili kuuliza kwa nini shamba la ukoo linapandwa miti bila wao kushirikishwa. Mama aliwakaribisha chai. Kisha akaingia chumbani, akatoka na bahasha anayohifadhi vyeti vyake vya ualimu, akawawekea mezani karatasi ya mauziano ya shamba. Majina mawili: la baba na lake. Shamba walilinunua wote kwa mishahara yao. Wazee walisoma, wakamaliza chai, wakaaga. Nchi hii ina Sheria ya Ardhi ya Vijiji tangu 1999, inayompa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata na kumiliki ardhi. Ila siku ile kilichomsaidia mama ni kwamba jina lake lilikuwa limeandikwa. Wanawake wangapi wa Rungwe, Kilolo na Ludewa wamelima shamba moja miaka 40 na hakuna karatasi yenye jina lao? Huyo ukimwambia "anza upya, mama", aanzie wapi?

Kuhusu fedha, mama alistaafu wakati kikokotoo cha mafao ya pensheni kimekuwa asilimia 33 kwa mkupuo, toka Julai mwaka ule ule, na sehemu nyingine analipwa kidogo kidogo kila mwezi. Hata hiyo 33, sisi watoto tulikuwa na mipango nayo kabla haijaingia kwenye akaunti. Kaka alitaka kumalizia nyumba. Mimi nilikuwa na ada. Mama alitupa kidogo, nyingine akanyamaza nayo. Wakati ule nilimwona amebadilika, amekuwa na mkono wa birika. Leo najua fedha ile ndiyo ilinunua viriba, mbolea ya samadi na tanki la maji.

Alipotaka kuongeza kitalu nilimsindikiza kwenye taasisi moja ya mikopo hapa Mbeya mjini. Kijana wa dirishani alimuuliza umri kabla ya kumuuliza biashara. Aliposikia 61, akafunga daftari, akasema arudi na mtoto wake awe mdhamini. Mama, ambaye mwaka 2006 alinidhamini mimi nipate mkopo wangu wa kwanza! Tulitoka pale hatusemezani mpaka stendi.

Mikopo ya halmashauri nayo tunaijua: asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Wazee hawana fungu lao. Mwanamke wa miaka 62 anaingia kwa mlango wa wanawake, sawa, lakini mwambie aunde kikundi na mabinti wa miaka 25 uone kama atachukuliwa. Natamani madiwani wetu wa Rungwe na Mbeya wakae na jambo hili.

Kilichomkomboa ni kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa. Wako wanawake 22, mdogo ana miaka 51. Wanakutana Alhamisi alasiri kwenye baraza la mmoja wao, kila mtu ananunua hisa, na mkopo ni mara tatu ya hisa ulizonazo. Sanduku lina kufuli tatu na funguo tatu, kila ufunguo kwa mtu wake, na mwenye sanduku hana ufunguo hata mmoja. Mama anashika mmoja, anautembeza shingoni kwa kamba kama msalaba. Pale hakuna anayeulizwa umri. Unaulizwa kama ulirejesha.

Mama mkubwa, dada yake, aliolewa Mafinga. Yake ni habari nyingine, na siwezi kuiandika kwa haraka.

Watu wa huku Nyanda za Juu Kusini tumezika sana. Hata takwimu za utafiti wa VVU wa 2022-23 zinaonyesha maambukizi kwa watu wa miaka 15 na zaidi Njombe ni asilimia 12.7 na Iringa 11.1, wakati taifa zima ni 4.4. Na hiyo ni sasa, dawa zikiwepo. Miaka ile kabla ya dawa, barabara kuu ya Zambia ikipita katikati yetu, wanawake wa umri wa mama mkubwa walizika watoto wao wakarudi nyumbani na wajukuu mgongoni. Yeye alizika wawili. Akaanza kulea upya akiwa na miaka 47: uji, kliniki, sare, ada. Wenzake wa mjini wanapozungumza kuhusu "uzee wenye amani", yeye alikuwa anabeba mtoto wa miezi minane.

Mjukuu wa mwisho alimaliza kidato cha nne mama mkubwa akiwa na miaka 66. Mwezi uliofuata alishuka kwenye vinyungu, zile bustani za bondeni, akakata milulu, nyasi za kusukia vikapu. Alikuwa amejifunza kusuka vikapu akiwa binti, akaacha alipoolewa, kwa sababu hakukuwa na muda. Nilipomtembelea nilimkuta kakaa kwenye jamvi, miguu ameinyoosha, kikapu kiko mapajani, na redio ndogo inaimba. "Kamwene, mama," nikamsalimia. Akaitikia bila kuinua macho, anahesabu nyuzi. Alipomaliza mzunguko ndipo akaniambia, "Mwanangu, hii ni mara ya kwanza nafanya kitu na hakuna anayelia."

Nilitoka nje nikasimama kidogo.

Vikapu vyake mjukuu anavipiga picha na kuvituma kwa watu wa Iringa mjini na Dar es Salaam. Havimtajirishi. Vinamnunulia dawa za presha na sukari ya chai, na mwaka jana amebadilisha bati. Lakini uso wake umefunguka.

Sitaki nieleweke vibaya. Bibi wa miaka 70 anayekimbilia madirisha ya mabasi pale Kiwira na mkungu wa ndizi kichwani, huyo simsifii kwa "kuchacharika". Anakimbia kwa sababu hana pensheni na watoto hawatumi kitu, na hilo ni deni letu kama nchi. Wapo pia mama wanaotaka kweli kukaa na wajukuu, wanafurahi, na waachwe wafurahi. Magoti ya mama yangu yenyewe yanauma. Kuna siku habebeshi mche hata mmoja, anakaa kwenye kile kiti tulichomnunulia na anakishukuru. Ninachogombea ni nani anaamua. Mzee aamue mwenyewe leo anainama au anakaa.

Na hatuwezi kusema hatujaona mifano. Rais Samia aliapishwa Machi 19, 2021 akiwa na miaka 61, umri ambao mwalimu ameshaagwa kwa vitenge. Mama Anna Makinda, mzaliwa wa Njombe, alikuwa Spika wa kwanza mwanamke toka 2010 hadi 2015, na Sensa ya 2022 ilipofanyika yeye ndiye alikuwa Kamisaa, na miaka yake 73. Tulimwona akizunguka mikoa tukampigia makofi. Hakuna aliyemwambia yupo tu nyumbani. Makofi hayo tunawapigia wanawake wa kwenye televisheni, tukirudi kijijini tunamwachia mama watoto watatu na mfuko wa sukari.

Mwezi wa nne mwaka huu nilimuuliza mama kitu ambacho sikuwahi kumuuliza: wiki yako ikoje? Akashangaa. Kisha akaanza kutaja. Jumatatu na Jumatano kitalu. Alhamisi kikoba. Ijumaa kwaya. Jumapili kanisani na kulala mchana, na hapo akatia mkazo. Watoto, akasema, anawapenda, waje likizo na Jumamosi. Siku nyingine wawe kwetu. Alisema hivyo taratibu, kama mtu anayeomba, na iliniuma kwamba alikuwa anaomba.

Jumanne ijayo ana mafunzo pale TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo hapa Mbeya, siku nzima. Atalala kwangu Jumatatu usiku ili awahi. Mimi nimeomba ruhusa kazini saa nane mchana, mdogo wangu atachukua watoto shule mpaka nifike. Ameniagiza nimtafutie wembe, pakiti mbili, wale wasioota kutu haraka.