Daftari la vihatarishi lipo, ila nani analisoma?

Kuna ubishi hauishi maofisini: haya mambo ya usimamizi wa vihatarishi (yaani mambo yanayoweza kuiumiza kampuni), daftari la kuviorodhesha, rangi nyekundu njano kijani za kuonyesha ukubwa wa hatari, kikao kila robo mwaka, yanaikinga kampuni kweli au ni makaratasi ya kumridhisha mkaguzi? Mimi nimejaza hayo madaftari na nimeyalaani pia, kwa hiyo siwezi kusema upande mmoja ni wajinga.

Wanaosema ni makaratasi wana mfano wa Barings. Benki binafsi ya Uingereza, ilikuwepo tangu 1762, ikafa Februari 1995 kwa sababu ya kijana mmoja ofisi ya Singapore, Nick Leeson, ambaye alikuwa anafanya biashara na hapohapo ndiye bosi wa wanaoihakiki hiyo biashara, hasara anazificha kwenye akaunti namba 88888 mpaka zikafika pauni milioni 827, benki ikauzwa kwa pauni 1. Kinachouma ni kwamba wakaguzi wa ndani walishasema mwaka 1994 hizo kazi mbili zitenganishwe. Yaani iliandikwa kabisa! Ila dogo alikuwa anaonekana analeta faida, nani atamgusa?

Halafu hesabu zenyewe zinadanganya. Unampa kila kihatarishi alama 1 mpaka 5 za uwezekano na 1 mpaka 5 za athari, unazidisha. Moto stoo: uwezekano 1, athari 5, jibu 5. Wateja kuchelewa kulipa siku chache: uwezekano 5, athari 1, jibu 5. Zote kijani, wakati moja inafunga kampuni na nyingine inamkera mhasibu tu.

Sasa upande wa pili, na hapa ndipo wapingaji huwa wanakaa kimya kidogo. Tarehe 17 Machi 2000 radi ilisababisha moto kwenye kiwanda cha Philips kule Albuquerque, Marekani, moto wa dakika 10 hivi, ukaharibu chipu za simu ambazo Nokia na Ericsson, watengenezaji wa simu, wote walikuwa wanazisubiri. Wakaambiwa ni kuchelewa kama wiki moja. Nokia hawakuridhika, wakaanza kufuatilia kila siku, habari ikapanda kwa mabosi haraka, wakatafuta chipu kwingine. Ericsson waliamini ile wiki moja, na baadhi ya chipu hawakuwa na pengine pa kuzipata, wakaja kupoteza mauzo ya kama dola milioni 400. Taarifa ilikuwa ileile jamani. Walichozidiwa Ericsson ni mazoea ya habari mbaya kupanda ngazi kabla haijawa msiba.

Tuwe wa haki lakini, kutegemea msambazaji mmoja kunapunguza gharama, na mwaka ambao radi haipigi wewe mwenye wasambazaji wawili ndiye unaonekana mfujaji. Ndiyo maana kukubali kihatarishi nayo ni njia halali, sawa na kukikwepa, kukipunguza au kumhamishia mtu wa bima (ambaye atalipa stoo iliyoungua ila wateja waliohama hakurudishii). Mradi aliyekubali anajua amekubali nini. Wengi hawajakubali chochote, wamesahau tu.

Kwa hiyo mimi nasimama na wa daftari, kwa sharti moja, kila mstari uwe na jina la mtu na kitu alichokijaribu kwa mkono wake. Sehemu moja niliyofanya kazi mstari wa seva ulisomeka "bekapu ipo, mhusika idara ya TEHAMA", kijani miaka miwili mfululizo. Siku seva imekufa kweli tukaifungua hiyo bekapu. Ilikuwa inanakili folda tupu kila usiku saa nane, bila kukosa hata siku moja.