Sauti yetu kwa kura ya nani?
Eti watengenezaji wa gemu wana haki ya kuwadokeza mastrima (wanaorusha uchezaji wao mtandaoni mubashara) na wachezaji wa kulipwa mabadiliko yajayo, kwa kuwa hao ndio sauti yetu sisi wachezaji wa kawaida. Nani aliwachagua? EVE Online, gemu ya mtandaoni ya kampuni ya CCP ya Iceland, ina baraza la wachezaji tangu 2008: wachezaji wenyewe hupiga kura, na wajumbe husaini kutunza siri. Lilizaliwa baada ya kashfa ya 2007, mfanyakazi wa kampuni alipogundulika amejipatia michoro adimu ya kuundia vifaa vya ndani ya gemu huku akichezea muungano mkubwa wa wachezaji. Anayejua mapema kitakachopanda bei kwenye soko la gemu anakinunua leo kwa bei ya kutupa, kesho anatuuzia sisi. Hiyo si haki hata kidogo. Wenzangu, mngependa baraza kama hilo kwenye gemu mnazocheza?