Jivu la Koobi Fora na umri wa Dunia

Wanaopinga kwamba Dunia ina umri wa takribani miaka bilioni 4.54 hupenda kutaja mabishano yaliyozuka Kenya, mashariki mwa Ziwa Turkana. Mwaka 1970 wanasayansi Frank Fitch na Jack Miller walitangaza kuwa tabaka la jivu la volkano la Koobi Fora, liitwalo KBS, lina umri wa miaka milioni 2.61. Mwaka 1972 fuvu la jamaa wa kale wa binadamu, lililopewa namba 1470, likapatikana chini ya tabaka hilo. Leo jivu lilelile linahesabiwa takribani miaka milioni 1.88. Kama wataalamu walikosea hapo, wapinzani wanauliza, waaminiwe vipi katika mabilioni?

Swali hilo ni halali, na lina upande mzito zaidi: sampuli ya kwanza ilitoa umri unaozidi miaka milioni 200, ambao wapinzani hudai ulifichwa, ukakataliwa kwa sababu haukuwezekana kwa tabaka lenye visukuku vile. Kupokea jibu linalopendeza na kutupa lisilopendeza ni kosa kubwa, na fuvu 1470 liliwafanya baadhi ya watu waipende namba kubwa, kwa kuwa ingelifanya fuvu hilo kuwa la kale zaidi.

Hata hivyo, kosa hilo lina maelezo. Potasiamu-40 iliyomo katika madini huoza, sehemu yake ikawa agoni, na nusu ya potasiamu hiyo huisha kwa takribani miaka bilioni 1.25. Agoni ni gesi. Mwamba ukiyeyuka gesi hiyo hutoroka, na hesabu huanza upya mwamba unapopoa. Jivu la KBS lilibebwa na maji, likachanganyika na chembe za miamba mikongwe zilizokuwa tayari na agoni yao. Kasi ya kuoza haikubadilika. Kilichopimwa kilikuwa mchanganyiko.

Shaka kubwa ililetwa na nguruwe. Mtaalamu wa visukuku Basil Cooke alilinganisha meno ya nguruwe wa kale wa Koobi Fora na ya wale wa bonde la Omo, Ethiopia, akaona kuwa waliokuwa chini ya KBS walilingana na wa Omo wa takribani miaka milioni 2. Mwaka 1975 Garniss Curtis na wenzake walilipima jivu upya, wakapata kati ya miaka milioni 1.6 na 1.8. Kisha Ian McDougall akapima fuwele zilizotolewa ndani ya mawe mepesi ya pumisi, ambayo hayakuchanganyika na chembe ngeni, akafikia 1.88.

Basi kosa lililogombaniwa kwa takribani miaka kumi lilizidisha umri kwa karibu asilimia 39. Likitokea kosa la kiasi hicho katika umri wa Dunia, tutashuka hadi bilioni 3.3 hivi; anayetaka Dunia iwe na miaka 10,000 tu anahitaji kosa la mara 450,000. Zaidi ya hayo, umri wa Dunia hautegemei potasiamu. Clair Patterson alipotangaza bilioni 4.55 mwaka 1956, alipima madini ya risasi yaliyomo katika vimondo, kikiwemo cha Canyon Diablo, Arizona; sehemu ya risasi hiyo hutokana na urani za aina mbili: moja hupungua nusu kwa miaka bilioni 4.47, nyingine kwa milioni 704. Kuvurugwa zote mbili kwa namna ya kutoa jibu moja ni jambo gumu mno kuliko kuchanganyika kwa jivu mtoni.

Ama ule umri wa zaidi ya milioni 200 unaodaiwa kufichwa, Fitch na Miller wenyewe waliuchapisha katika makala yao ya 1970, pamoja na sababu ya kuukataa.