Sangara ana karatasi, abiria hana

Kwa miaka sita nilikaa mlangoni pa kiwanda cha minofu hapa Mwanza, karani wa mapokezi. Kazi yangu ilikuwa karatasi. Boti ya kukusanya samaki ikifunga kamba, kabla kreti la kwanza halijashuka, nilitakiwa niwe nimeandika: samaki huyu katoka mwalo gani, boti namba ngapi, barafu ilipakiwa lini, nani kaja na mzigo, na kipimajoto kikichomekwa kwenye nyama ya sangara kinasoma nyuzi ngapi. Kikizidi, tunamwita mkaguzi. Mkaguzi akikataa, mzigo haupiti. Nimewahi kutukanwa hadi bibi yangu mzaa mama akatajwa, na mzigo haukupita.

Zamu ya usiku ikiisha natoka na gambuti zangu kwenye mfuko, nasimama barabarani kusubiri daladala ya Kisesa, na hapo heshima ya karatasi inaishia. Gari litakuja lini, hakuna ajuaye. Litafika Kisesa au litakatisha ruti Igoma, anajua konda, na yeye hasemi mpaka ameshakusanya nauli.

Watu wengi wa Mwanza tumesahau zile karatasi za samaki zilitoka wapi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja. Mwaka 1999 hofu ilikuwa viuatilifu, kwa kuwa kuna wavuvi waliokuwa wakiua samaki kwa sumu. Viwanda vikayumba, vibarua wakarudishwa nyumbani, sangara akakosa bei mwaloni. Ghafla Serikali ikaota mikono. Mialo ikakaguliwa, sakafu za saruji zikamwagwa, wakaguzi wakasambazwa, Nyegezi pakawa na maabara ya ubora wa samaki. Mnofu uliokuwa ukipanda ndege ukawa unaweza kufuatwa kinyumenyume, karatasi kwa karatasi, hadi kwenye mwalo ulikotua.

Kwa hiyo mtu asiniambie hatuwezi kuweka kumbukumbu. Tuliziweka, tena kwa kiumbe asiyejua hata kusoma, kwa sababu upande wa pili alikuwepo mnunuzi mwenye uwezo wa kusema hapana. Abiria wa kisiwa cha Ukerewe atasema hapana kwa nani? Aogelee?

Mwaka jana nilikwenda msibani kisiwani. Siku ya kurudi tulikaa gatini toka saa mbili asubuhi. Saa tano akapita kijana mwenye fulana ya kazi, akasema chombo kina hitilafu, tusubiri. Saa nane akapita tena, safari hii bila kusema kitu. Mama mmoja wa dagaa, mwenye magunia kumi na manne, akamwita, "Baba, kama hakiji tuambie, tutafute mtumbwi." Akajibiwa kwamba taarifa itatoka juu. Juu yetu palikuwa na mwembe tu.

Kilipofika ilikuwa saa kumi na moja jioni. Tukapanda wote, wa asubuhi, wa mchana na wa jioni, pamoja na magunia, kuku na godoro la mtu aliyekuwa anahama. Tiketi yangu ilikuwa na bei. Jina langu halikuandikwa popote. Nikamuuliza aliyekuwa anachana tiketi, tumekuwa wangapi humu? Akanitazama kwa huruma kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Mama, unataka kuhesabu watu?"

Ndiyo, mwanangu. Sangara tulikuwa tunapima joto mmoja mmoja.

Sisemi haya kwa kuwa nilichelewa kufika nyumbani. Septemba 20, 2018, siku ya gulio Bugolora, MV Nyerere ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa kutia nanga Ukara. Kivuko kilichoruhusiwa kubeba watu 101 kilituachia maiti 228, mbali na wale waliookolewa wakiwa hai. Siku zile tulishinda tumeinamia redio, na hakuna kiongozi aliyeweza kusema ndani walikuwemo wangapi. Hesabu tulipewa na maiti, kadiri walivyokuwa wakiibuka. Kabla ya hapo ilikuwa Mei 21, 1996, MV Bukoba, zaidi ya watu 800. Wengi wao wamezikwa Igoma, palepale ambapo daladala yangu hupenda kukatisha ruti.

Baada ya MV Nyerere mkuu wa wakala unaoendesha vivuko aliondolewa, bodi ikavunjwa, chombo kipya kikaletwa. Ilistahili. Ila huo ni uwajibikaji wa msiba, watu wafe kwanza ndipo mkubwa aondoke. Mimi natafuta uwajibikaji wa Jumanne ya kawaida, ambapo hakuna aliyekufa, injini imegoma tu, na mama mwenye magunia kumi na manne anataka kujua kama akodi mtumbwi au aendelee kukaa.

Najua jibu ambalo nimelisikia hata nyumbani kwangu, kutoka kwa mume wangu: abiria wenyewe ndio wanaojazana, wakizuiwa wanatukana. Ni kweli tunajazana, na mimi nilijazana. Lakini uliza kwa nini. Mtu anayejua kwamba kuna safari nyingine saa kumi hana haja ya kumkanyaga mtoto wa mwenzake saa nane. Anayejua kwamba safari ya saa kumi huwa haipo, au ipo kwa kudra za Mungu, atapanda hata kama maji yanalamba sakafu. Kinachotujaza ni kutokujua. Kwa hiyo chombo kinachofuta safari bila kutangaza kinatengeneza hatari ya safari inayofuata, hata kama mafundi wamekikagua kimepita.

Nchi kavu mambo ni yaleyale, ila huku mtu huachwa kando ya barabara badala ya kuzama. Itazameni ruti yangu. Nikipandia Kisesa niko Magu. Igoma ni Jiji, Nyamagana. Nyamhongolo, Nyakato na Buzuruga ni Manispaa ya Ilemela. Mabatini narudi tena Jiji. Barabara yenyewe ya lami ni ya TANROADS, vichochoro vinavyoingia humo ni vya TARURA, leseni na nauli ni LATRA, na anayesimamisha gari ni askari wa usalama barabarani. Safari moja ya daladala, halmashauri tatu na taasisi kadhaa, na nikishushwa Igoma usiku kila mmoja ana mwenzake wa kumnyooshea kidole. Konda analijua hilo kuliko mwanasheria yeyote. Anajua pia kwamba tajiri mwenye gari anataka hesabu yake jioni, na kwamba nusu ya mwisho ya ruti ina watu wachache. Mimi simchukii konda. Amepewa hesabu ya kupeleka kwa tajiri, hajapewa ya kupeleka kwangu.

Wenzetu Serikalini wanahesabu, tena sana, lakini wanahesabu uzinduzi. MV Victoria, meli iliyoanza kazi mwaka 1961, ilisimama 2014 na ikarudi 2020 kwa ngoma na jina refu. Hiyo miaka sita katikati haikuzinduliwa na mtu, kwa hiyo haipo kwenye hotuba. Meli mpya ya abiria 1,200 na tani 400 ilianza kujengwa hapa Mwanza Kusini mwaka 2019. Ilishushwa majini Februari 2023, tukapiga vigelegele, na hata siku hiyo ilikuwa bado haiwezi kubeba abiria. Reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilometa 341, iliwekewa jiwe la msingi Juni 2021 ikiahidiwa miezi 36. Miezi hiyo iliisha 2024 na treni hatukuiona. Huenda sababu ni nzuri kabisa. Basi itolewe kwa sauti ileile iliyotolea ahadi.

Daraja la J.P. Magufuli, Kigongo hadi Busisi, nalipa haki yake. Kilometa tatu juu ya maji, lilifunguliwa Juni 19, 2025, na aliyewahi kukaa kwenye foleni ya kivuko pale na mgonjwa kwenye gari hawezi kulibeza. Nimepita juu yake mara mbili na mara zote mbili nilinyamaza kwa furaha. Kitu kimoja kinanijia kila nikilitazama: daraja halihitaji kuulizwa litakuja saa ngapi. Wametupa kitu kikubwa kisichohitaji ratiba. Cha ratiba, cha kuamka kila siku na kutimiza, ndicho kinachotushinda.

Na viwanda? Mtu atasema nimechanganya mada. Reli ya kati ilipofika Mwanza mwaka 1928 ilifuata mzigo, na tangu hapo kiwanda cha hapa kimekuwa mtoto wa usafiri. Boti ikichelewa, barafu inayeyuka, kipimajoto kinapanda, mzigo unakataliwa, na saa moja asubuhi vibarua wanaambiwa getini warudi nyumbani, leo hakuna samaki. Nauli ya kuja wameshalipa. Ya kurudi wanailipa kwa mkopo. Sangara mwenye karatasi amepanda ndege, sisi tunabaki na mapanki, mifupa iliyokwisha kutolewa minofu.

Hapo pia hakuna wa kumuuliza. Mwatex, kiwanda cha nguo cha umma, katikati ya mkoa wa pamba, kilibinafsishwa kama vingine vingi. Serikali ya awamu ya tano ilitamka hadharani kwamba walionunua viwanda wakashindwa kuviendeleza wanyang'anywe. Vizuri. Lakini mimi, mwana Mwanza, mwenye shangazi aliyewahi kuvaa khanga na vitenge vya viwanda vyetu, nikitaka kujua kiwanda fulani kiliuzwa kwa sharti gani na nani alikwenda kukagua sharti hilo mara ya mwisho, niende mlango upi?

Ninachodai ni kitu cha bei rahisi kuliko utepe wa uzinduzi. Ubao. Ubao mweusi wa chaki, kama ule wa bei ya pamba ambao baba yangu alikuwa akisimama mbele yake na kusoma kwa kidole kabla ya kukubali kupima mzigo wake. Kila gati na kila stendi iwe nao. Wiki hii zilipangwa safari ngapi, zimefanyika ngapi, iliyofutwa imefutwa kwa nini, safari ya mwisho ilibeba watu wangapi, na nani zamu yake ya kujibu leo, kwa cheo na namba ya simu. Yule kijana wa fulana asingehitaji kunikwepa mara ya pili. Angeandika na kwenda zake. Programu ya simu ikija baadaye ije, lakini mama wa dagaa hana bando kila siku, na chaki haimalizi chaji.

Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inawasilishwa Bungeni kila mwaka, naifuatilia kwenye redio, inanisisimua. Inafika magunia yakiwa yameshaoza. Ibara ya 63 ya Katiba inawapa wabunge kazi ya kuisimamia Serikali kwa niaba yetu, na wetu wa kando ya ziwa wakisimama husikika wakiomba: tunaomba kivuko, tunaomba gati, tunaomba meli. Siku moja nataka nimsikie mmoja akiuliza kivuko kilichopo kilifanya safari ngapi Agosti. Waziri akisema atalileta jibu kwa maandishi, aulizwe tena Septemba.

Nimeamua kuanza na yangu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia ruhusa ya kuomba, na inampa mwenye ofisi siku 30 za kujibu. Nimeandika barua moja, ukurasa mmoja na nusu, kwa mkono wa karani. Nimeomba ratiba ya chombo kile cha msibani kwa miezi mitatu, safari zilizofutwa, na idadi ya abiria waliopanda jioni ile nikiwemo. Dada wa masijala aliisoma yote huku amesimama, akaniuliza kama mimi ni mwandishi wa habari. Nikamwambia hapana, mimi nilikuwa napokea samaki. Akagonga muhuri, akanipa nakala yangu.

Leo ni siku ya kumi na tisa.