Barafu ya kukwangua ni kongwe kuliko Marekani
Makala moja inadai kwamba barafu ya kukwangua inayotiwa shira ni ubunifu wa Wamarekani wa karne ya 20, dai ambalo silikubali hata kidogo, kwa kuwa Sei Shonagon, mwanamke aliyehudumu katika kasri la kifalme la Japani, aliitaja takriban mwaka 1000, ikiwa imemiminiwa utomvu mtamu wa mmea na kuwekwa katika bakuli jipya la metali. Hata ile ya Hawaii, ambayo mara nyingi huwekewa maharage matamu ya azuki chini yake, ilitokana na vibarua wa Kijapani wa mashamba ya miwa. Barafu iliyokwanguliwa kwa wembe hunywa shira. Iliyopondwa huiacha itiririke hadi chini. Je, wasomaji mlioishi Mumbai, gola ya huko, yaani donge la barafu linalotiwa shira, hukwanguliwa au hupondwa?